Mihimili ya Marekani Ilijengwa Ili Iingiliane

Kauli moja husikika sana katika mijadala yetu ya siasa, iwe bungeni, redioni au vijiweni: mihimili ya dola, yaani serikali, bunge na mahakama, isiingiliane. Mbunge akihoji uteuzi uliofanywa na Rais huambiwa anaingilia mhimili mwingine, jaji akibatilisha kifungu cha sheria huambiwa amevuka mpaka, na anayetoa kauli hiyo mara nyingi huitolea mfano Marekani, kana kwamba huko kila mhimili ulijengewa nyumba yake, ukafunga mlango na kukaa na ufunguo mfukoni. Hoja hiyo imezoeleka kiasi kwamba wachache huihoji, nami naona imeigeuza Katiba ya Marekani juu chini. Waliotunga Katiba hiyo waliwatenganisha watu wanaoshika madaraka, kisha wakayafungamanisha madaraka yenyewe kwa makusudi, ili asipatikane mtu hata mmoja anayeweza kufanya jambo zito bila kupitia mkononi mwa mwenzake.

Walifika hapo kutokana na shida waliyoishi nayo kwa miaka kadhaa. Baada ya uhuru kutangazwa mwaka 1776, makoloni 13 yaliyogeuka kuwa majimbo yaliunganishwa na mkataba ulioanza kutumika rasmi mwaka 1781, mkataba ambao haukuwa na rais wa kutekeleza sheria wala mhimili wa mahakama, na ambao haukulipa Bunge la pamoja uwezo wa kutoza kodi hata senti moja. Bunge liliomba majimbo yachangie, nayo majimbo yalitoa kwa kusuasua. Ilipopendekezwa kwamba bidhaa kutoka nje zitozwe ushuru wa asilimia 5 ili kulipa madeni ya vita, jimbo dogo la Rhode Island lilikataa mwaka 1782, na kwa kuwa mkataba haukuweza kurekebishwa bila ridhaa ya majimbo yote 13, kukataa kwa jimbo moja kulitosha kuzika pendekezo zima. Mwaka 1786 wakulima waliolemewa na madeni huko magharibi mwa Massachusetts walishika silaha na kuzuia mahakama zisikae, na serikali ya pamoja haikuwa na askari wala fedha za kukabiliana nao.

Ndani ya majimbo kulikuwa na tatizo jingine, nalo ndilo linalogusa zaidi mada yetu. Katiba ya Virginia ya mwaka 1776 ilitamka kwa maneno mazito kwamba mihimili mitatu iwe mbalimbali na kwamba mmoja usifanye kazi ya mwingine, lakini katiba hiyohiyo ililiachia baraza la kutunga sheria kumchagua gavana kila mwaka. Gavana anayetegemea kura za wabunge ili abaki kazini hana ubavu wa kuwakatalia. Thomas Jefferson, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo, alilalamika kwamba madaraka yote yalikuwa yakirudi kwenye baraza moja, na kwamba kukandamizwa na watawala 173 si afadhali kuliko kukandamizwa na mmoja. Tamko la kutenganisha mihimili lilikuwepo, limeandikwa vizuri, na halikumzuia mtu. James Madison, Mvirginia mwingine na mmoja wa waliotunga Katiba ya Marekani, aliyaita matamko ya namna hiyo kuta za karatasi.

Basi wajumbe 55 kutoka majimbo 12, kwani Rhode Island haikutuma mtu, walikutana Philadelphia kuanzia tarehe 25 Mei 1787, wakajadiliana kwa siri kwa karibu miezi minne, na tarehe 17 Septemba wajumbe 39 wakatia saini waraka ulioenea kwenye kurasa nne za ngozi. Mvutano uliokaribia kuuvunja mkutano ulikuwa kati ya majimbo makubwa na madogo, na ulimalizwa kwa kuligawa Bunge la Congress sehemu mbili: Baraza la Wawakilishi, ambamo viti hugawanywa kwa idadi ya watu, na Seneti, ambamo kila jimbo lina viti viwili bila kujali ukubwa wake. Maafikiano hayo yapo hadi leo, ndiyo maana California yenye watu wanaokaribia milioni 40 ina maseneta wawili, sawasawa na Wyoming ambayo haifikishi watu laki sita.

Rasimu ilipochapishwa, walioipinga waliikosoa kwa hoja ileile tunayoisikia leo: mihimili imechanganywa mno. Kwa nini Rais awe na kura ya turufu juu ya miswada, ilhali kutunga sheria si kazi yake? Kwa nini Seneti iidhinishe majaji na mabalozi wa Rais, kisha hiyohiyo ikae kama mahakama siku Rais huyo anaposhtakiwa? Madison aliwajibu mapema mwaka 1788 katika mfululizo wa makala 85 alizoandika pamoja na Alexander Hamilton na John Jay kwenye magazeti ya New York, chini ya jina la Publius. Wapinzani walikuwa wakimnukuu Montesquieu, yule mwanafalsafa Mfaransa, na Madison alisema hawakumwelewa. Montesquieu aliogopa mkono mmoja ushike mamlaka yote ya mhimili wake pamoja na mamlaka yote ya mhimili mwingine. Hakukataza mhimili kuwa na sehemu katika kazi ya mwenzake, na hata nchi aliyoisifu, Uingereza, ilikuwa na michanganyiko hiyo tele. Kisha Madison akaenda mbali zaidi. Alisema kwamba bila mihimili kuunganishwa kiasi cha kila mmoja kuwa na uwezo wa kikatiba wa kumdhibiti mwenzake, utengano unaohubiriwa hauwezi kudumu. Binadamu si malaika, aliandika, kwa hiyo tamaa ya madaraka izuiwe na tamaa ya madaraka, na kila mwenye cheo apewe nyenzo ya kukilinda.

Nyenzo hizo ni za kawaida kabisa mtu akizitazama mojamoja. Rais ni amiri jeshi mkuu, lakini anayetangaza vita ni Congress, na Katiba inakataza fedha za jeshi kuidhinishwa kwa zaidi ya miaka miwili, ili jenerali au rais anayelitaka jeshi lake alazimike kurudi kuomba. Congress ndiyo inayotunga sheria, lakini muswada bila saini ya Rais unaweza kukwama, na kura yake ya turufu haitenguliwi ila kwa theluthi mbili ya kila baraza. Majaji hukaa kazini maisha yao yote wakiwa na mwenendo mwema na mishahara yao haiwezi kupunguzwa. Hata hivyo huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Seneti, na idadi yao hupangwa kwa sheria ya Congress, iliyoanza na majaji sita mwaka 1789 na kutulia kwenye tisa tangu mwaka 1869. Kwa upande wa watu, mstari ni mkali: anayeshika wadhifa serikalini haruhusiwi kuwa mbunge kwa wakati uleule.

Hapo ndipo ulinganisho na kwetu unaponigusa. Tanzania, kwa urithi wa mfumo wa Kiingereza, waziri ni lazima awe mbunge. Anakaa bungeni, anapiga kura bungeni, na wakati huohuo ni sehemu ya serikali ambayo Bunge linatakiwa kuisimamia. Watu wamechanganyika, lakini kazi ndizo zinazolindwa kwa kauli ya kutoingiliana. Marekani ni kinyume chake. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, ilisogea upande wa Marekani: mawaziri si wabunge, na majina yao hupelekwa bungeni kuhojiwa kabla ya kuapishwa. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, wapo waliosema kwamba majaji wameingilia. Waliingilia, ndiyo, na Katiba yao ndiyo iliyowapa kazi hiyo.

Namna mfumo huu unavyofanya kazi unapobanwa ilionekana mwaka 1952. Marekani ilikuwa vitani Korea, na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walikuwa wanajiandaa kugoma. Usiku wa tarehe 8 Aprili, Rais Harry Truman alizungumza na taifa na kutangaza kwamba serikali inachukua usimamizi wa viwanda hivyo, kwa sababu bila chuma hakuna silaha na bila silaha askari walioko vitani watakufa. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Lakini Congress haikuwa imempa mamlaka ya kutwaa mali ya mtu kwa ajili hiyo. Mwaka 1947, ilipotunga sheria ya migogoro ya kazi, ilitafakari kumpa Rais uwezo wa namna hiyo na ikakataa. Wenye viwanda walikwenda mahakamani, na tarehe 2 Juni Mahakama ya Juu iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba Rais hakuwa na mamlaka hayo.

Majaji wote tisa walikuwa wameteuliwa ama na Truman ama na mtangulizi wake wa chama hichohicho, Franklin Roosevelt. Wanne walikuwa wa Truman mwenyewe, na wawili kati ya hao walipiga kura dhidi yake. Jaji Robert Jackson, ambaye kabla ya kuwa jaji aliwahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Roosevelt na alijua utamu wa kuitetea serikali, aliandika maoni ambayo wanasheria wa Marekani huyarejea hadi leo kuliko hata hukumu yenyewe. Alisema mamlaka ya Rais hayana kimo kimoja. Huwa makubwa kabisa anapotenda kwa idhini ya Congress, huwa katika giza la magharibi Congress inapokuwa kimya, na hushuka hadi chini kabisa anapotenda kinyume cha kile Congress ilichotaka. Katiba, alieleza, inaitaka mihimili itengane na vilevile itegemeane, kila mmoja uwe huru na bado umhitaji mwenzake. Kwa maneno mengine, huwezi kujua Rais ana uwezo kiasi gani kwa kumtazama Rais peke yake; sharti umtazame akiwa amesimama karibu na Congress. Truman aliagiza viwanda virudishwe siku hiyohiyo, mgomo ukaanza, na vita havikupotea kwa sababu yake.

Uwezo wenyewe wa Mahakama kusema kwamba kitendo fulani ni kinyume cha Katiba haukuandikwa waziwazi mahali popote katika zile kurasa nne. Ulijengwa mwaka 1803 katika kesi iliyoanza na karatasi zilizosahaulika ofisini. Rais John Adams alikuwa ameshindwa uchaguzi na Jefferson, na siku zake za mwisho madarakani aliteua mahakimu wa amani kadhaa kwa ajili ya mji mkuu mpya. Seneti iliwaidhinisha, Adams akatia saini hati, na Waziri wa Mambo ya Nje, John Marshall, akazipiga muhuri, lakini muda ulikwisha kabla baadhi ya hati hazijafikishwa kwa wenyewe. Jefferson alipoingia aliagiza zizuiwe. William Marbury, mmoja wa waliokosa hati, alikwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, ambako Jaji Mkuu wakati huo alikuwa yuleyule Marshall aliyeshindwa kuzifikisha. Leo jaji wa namna hiyo angejitoa kwenye kesi asubuhi ya kwanza.

Marshall alisema Marbury ana haki ya hati yake, na serikali imemkosea kwa kuizuia. Kisha akasema kwamba sheria ya mwaka 1789 iliyomruhusu kufungua kesi ya aina hiyo katika Mahakama ya Juu bila kuanzia chini imeipa Mahakama mamlaka ambayo Katiba haikuipa, na kwa hiyo sheria hiyo ni batili. Marbury hakuupata uhakimu. Jefferson hakupewa amri yoyote ya kuikaidi. Mahakama ilijinyima mamlaka madogo na kwa tendo hilohilo ikajichukulia makubwa, yaani kuipima sheria ya Congress kwa kipimo cha Katiba. Sifichi kwamba naistahi hukumu hiyo kwa hekima yake, lakini inafaa ikumbukwe kwamba ulikuwa uamuzi wa mwanasiasa aliyejua kuhesabu.

Mara ya pili Mahakama ya Juu kuibatilisha sheria ya Congress kwa uwezo huo ilikuwa mwaka 1857, na iliutumia kwa faida ya wamiliki wa watumwa. Dred Scott, mtu aliyekuwa utumwani, alidai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alimpeleka na kuishi naye katika maeneo ambako utumwa ulipigwa marufuku. Jaji Mkuu Roger Taney na wenzake sita walikataa, wakisema watu weusi si raia na hawawezi kuwa raia chini ya Katiba, na kwamba Congress haikuwa na uwezo wa kuupiga marufuku utumwa katika maeneo hayo.

Yeyote anayeisifu Katiba hii bila kusimama hapa ameisoma nusu. Neno mtumwa halikutumika katika waraka wa mwaka 1787, lakini utumwa ulikuwemo: watumwa walihesabiwa kwa tatu ya tano katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, ingawa hawakuwa na kura, na hivyo mabwana zao wakapata wabunge wa ziada, biashara ya kuwaingiza nchini ilikingwa isizuiwe na Congress hadi mwaka 1808, na aliyetoroka kwenda jimbo huru ilipasa arudishwe. Nyenzo zote nilizozitaja hapo juu zilikuwepo na zilifanya kazi. Seneti iliyalinda majimbo ya watumwa dhidi ya wingi wa watu wa Kaskazini, Mahakama iliwalinda dhidi ya Congress, na kufikia mwaka 1860 watu wanaokaribia milioni nne walikuwa utumwani chini ya serikali iliyosifiwa kwa kudhibitiana. Mfumo unaohitaji mikono mingi ili jambo lifanyike unamlinda vizuri mtu ambaye tayari ana haki, kwa sababu si rahisi kumnyang'anya. Asiye na haki, mfumo huohuo humwekea vizuizi vilevile anapoidai. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoua zaidi ya watu laki sita ndiyo iliyofungua njia ya marekebisho ya mwaka 1865, 1868 na 1870 yaliyofuta utumwa, kutoa uraia na ulinzi sawa wa sheria, na kukataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi.

Hata baada ya hapo kizuizi hakikuondoka. Mwaka 1922 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kuufanya uuaji wa watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu kuwa kosa chini ya sheria ya taifa. Seneti iliuua kwa mbinu ya maseneta wa Kusini kushikilia zamu ya kuzungumza bila kuiachia ili usipigiwe kura, mbinu iliyotokana na kanuni za Seneti yenyewe na si Katiba. Sheria ya taifa dhidi ya mauaji hayo ilisainiwa tarehe 29 Machi 2022. Ni miaka mia moja.

Kuna jambo jingine ambalo Madison hakuliweka kwenye hesabu zake, nalo ni vyama. Alidhani seneta angeilinda Seneti na mbunge angelilinda Baraza lake, kwa kuwa heshima ya cheo ingefungamana na ya mwenye cheo. Wakati mwingine imekuwa hivyo. Roosevelt alipotaka mwaka 1937 kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu ili apate waliokubaliana naye, chama chake kilikuwa na wingi mkubwa Seneti, na Seneti hiyohiyo ndiyo iliyouzika mpango huo. Siku hizi utii kwa chama mara nyingi hushinda utii kwa taasisi. Rais Barack Obama alipomteua Merrick Garland kuwa jaji Machi 2016, Seneti iliyokuwa chini ya chama kingine haikumkataa wala kumkubali; haikumpa hata kikao cha kumsikiliza, mpaka muda wa Rais ulipokaribia kwisha na jina likafa lenyewe. Marais watatu wameshtakiwa na Baraza la Wawakilishi, Andrew Johnson mwaka 1868, Bill Clinton mwaka 1998 na Donald Trump mara mbili, mwaka 2019 na 2021, na Seneti haijawahi kumtia hatiani hata mmoja; siku hizi theluthi mbili haipatikani bila watu wa chama cha mshtakiwa kumwacha. Nyenzo ya Katiba ipo palepale, lakini mkono wa kuivuta hutazama kwanza rangi ya bendera ya chama. Huu, kwa maoni yangu, ndio udhaifu mkubwa zaidi wa Katiba hiyo leo, na hauponywi kwa kuitaka mihimili ikae mbali zaidi.

Mahakama ndiyo inayoonyesha waziwazi kwamba mihimili inahitajiana, kwa sababu haina jeshi wala mfuko wa fedha. Hamilton alikiri hivyo tangu mwaka 1788. Tarehe 17 Mei 1954 majaji tisa kwa kauli moja waliamua kwamba shule za serikali zinazotenganisha watoto kwa rangi zinakiuka Katiba. Septemba 1957 wanafunzi tisa weusi walitakiwa kuanza masomo katika shule ya sekondari ya Central mjini Little Rock, Arkansas, na gavana Orval Faubus akawapanga Walinzi wa Taifa wa jimbo lake mlangoni kuwazuia. Hukumu ya Washington ilikuwa karatasi tu mbele ya bunduki za gavana. Rais Dwight Eisenhower, aliyekwepa kusema hadharani kama anakubaliana na hukumu hiyo, aliwaondoa walinzi hao katika mamlaka ya gavana na kutuma askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101. Asubuhi ya tarehe 25 Septemba wanafunzi wale walipanda ngazi za shule wakiwa katikati ya askari hao. Amri iliyowafungulia mlango ilitolewa na majaji, askari waliowasindikiza walikuwa wa Rais, na sheria iliyomruhusu kuwatuma, pamoja na mishahara yao, ilikuwa imepitishwa na Congress.